Kisa Changu Kimepanda Ndege

Asar 2
Mwezi wa Asar umeingia, mvua zimeanza. Nguo hazikauki na nyumba nzima inanuka soksi. Nimenunua daftari hili kwa sababu Madamu Shreya, anayetufundisha kujibu maswali ya mashirika ya ndege, ametaka kila anayetamani kuruka aandike alichojifunza kila siku. Haya. Leo nimejifunza kwamba ukitabasamu kipindi kizima bila kupumzika, mashavu yanauma hadi usiku.

Asar 4
Mama mkwe ameuliza tena wakati napakua.
"Hiyo kazi ni ya kugawa chai angani, si ndiyo?"
"Ndiyo, Mama."
"Na hapa chini chai atagawa nani?"
Niraj akacheka na wali mdomoni. Nikamfinya paja. Huyu ni mume wangu, na kucheka kwake ndiko kulikonifanya niolewe naye, kwa hiyo siwezi kulalamika sana.

Asar 7
Siku nzima mvua, hakuna darasa, barabara ya Koteshwor imekuwa mto. Basi niandike vizuri ninachokitaka, ili nikija kukikosa nijue nilikosa nini.

Miaka minne nimekaa mapokezi ya nyumba ya wageni ya Thamel. Nimewapokea watu, nimewabebea mizigo, nimewafungulia mlango waende zao. Nyumba imefungwa mwaka jana, mwenyewe kaiuza. Nataka na mimi niwe yule anayeondoka. Sitafuti mume mwingine wala simkimbii huyu niliye naye. Nataka kuona Kathmandu kutoka juu, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kazi, nikilipwa kwa kuiona. Shirika moja la Ghuba linakuja wiki hii kuchagua watu. Nina miaka ishirini na saba. Madamu Shreya anasema wakiniona na thelathini hawataniangalia mara ya pili.

Jioni Niraj alinifanyia mazoezi. Alivaa miwani ya mama yake, akakaa kwenye gunia la mchele, akakunja uso.
"Bibie, tueleze siku uliyomsaidia mgeni."

Nikampa kisa changu. Mzee mmoja Mjapani, mgeni wa chumba cha juu, alishuka kufungua kinywa asubuhi, akafunika mdomo kwa kitambaa na kukataa kila kitu. Mpishi akanuna, akadhani chakula chake kimedharauliwa. Mimi nikamwangalia yule mzee mashavu, yamebonyea. Nikapanda juu, mashuka yameshapelekwa kufuliwa. Nikashuka kwa dobi, nikapekua, nikayakuta meno yake ya bandia ndani ya foronya. Nikayaosha, nikayaweka kwenye bakuli la supu lenye kifuniko, nikayapeleka mezani kama supu. Hakuna aliyejua. Mzee alifunua, akafunika, akainama. Alivyokula siku ile, mpishi mwenyewe alitoka jikoni kumtazama.

"Hapo kwenye bakuli usiharakishe," Niraj akasema. "Hapo ndipo penyewe. Rudia."
Nikarudia. Tumerudia mpaka mama mkwe akadai miwani yake.

Asar 10
Mvua. Viatu vyeusi vimeota ukungu. Nimevisugua kwa mafuta ya haradali, sasa vinanuka achari.

Asar 12
Leo ndiyo leo.

Asubuhi nilioga, nikaosha na nywele. Madamu Shreya alisema nywele nyuma, shingo tupu, paji tupu. Nikavua shanga za ndoa, nikaiosha sindur, ule unga mwekundu tunaoupaka wenye waume kwenye mstari wa nywele. Ukashuka na maji mpaka kwenye tundu la bafu. Kutoka tu, uso kwa uso na mama mkwe na ndoo yake. Aliutazama utosi wangu, akaiachia ndoo.

"Sindur inaoshwa siku maiti ya mume inapochomwa moto," akasema. "Mwanangu yuko hai, anapiga mswaki pale."
"Mama, ni kwa asubuhi moja. Ndivyo wanavyotaka."
"Wanataka! Wao wamemzaa nani humu ndani?"
Niraj akatokea na povu mdomoni. "Mama, mimi siumwi popote. Niangalie."
"Nyamaza wewe. Anakuzika asubuhi asubuhi, nawe unamshikia kioo."

Kwetu anayetoka kwenda kwenye jambo kubwa hupewa mtindi na yai la kuchemsha mlangoni, ili mambo yake yanyooke. Yai lilichemshwa. Nililisikia likigongagonga sufuriani. Nikiwa navaa viatu, mama mkwe alilimenya polepole mbele yangu, akalitia chumvi, akalila mwenyewe.

Niraj alinipeleka kwa pikipiki, mimi nyuma na mwavuli, sketi imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Hotelini foleni imezunguka hadi maegeshoni. Binti wa kuandikisha majina akamwangalia mume wangu kutoka viatu hadi nywele.
"Na wewe kaka? Wanaume leo wachache."
"Mimi nauza simu New Road," Niraj akacheka. "Nimeleta mke tu."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Jaribu bwana. Angalau ukae ndani, usilowe bure." Maelezo yake ya kazi yalikuwa kwenye simu, meza ya hoteli wakamchapia. Tulicheka kama watoto. Kwenye kipimo cha kunyoosha mkono kufikia alama ya ukutani, mimi nilisimama kwa ncha za vidole mpaka misuli ikalia. Yeye hata kisigino hakuinua.

Wanaume waliitwa kwanza. Mimi zamu yangu ilifika mchana, mashavu yameshakauka kwa tabasamu. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa kigeni mwenye nywele fupi za kijivu, na kijana wa kuandika.
"Tueleze siku uliyomsaidia mgeni."

Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikaanza. Nilipofika kwa dobi, yule mama akamtazama kijana, kijana akaangalia meza.
"Meno," akasema mama.
"Ndiyo, madamu. Kwenye foronya."
"Ukayapeleka kwenye bakuli la supu."

Nikafurahi zaidi. Nilidhani kisa kimemnoga mpaka amekisia mwisho. Nikaenda taratibu kwenye bakuli, kama Niraj alivyonifundisha. Mama akafunga kalamu yake.
"Umeolewa?"
"Ndiyo."
"Miaka mitatu ya kwanza utaishi nyumba ya kampuni na wasichana wenzako. Mumeo atakula nini?"
"Atakula atakachopika."
Kijana alicheka. Mama hakucheka. Akanishukuru kwa kuja.

Niraj alikuwa ananisubiri nje na momo, zile sambusa zetu za mvuke, kwenye karatasi, amenibakizia kubwa kubwa. Nilipomuuliza yake imekwendaje, akasema, "Aa, nilibabaisha tu." Nikala momo zote.

Asar 15
Siku ya kupanda mpunga. Tumekula mtindi na chiura, mchele wetu wa kupondwa, kama kila mtu. Mama mkwe alipiga simu kijijini Ramechhap, akaiweka sauti kubwa ili asikie wenzake wanavyoimba kwenye matope. Alisikiliza mpaka salio likaisha. Simu yangu mimi haijaita.

Asar 16
Haijaita.

Asar 17
Mvua ya mawe. Haijaita.

Asar 18
Imeita. Ya Niraj.

Asar 19
Jana sikuweza kuandika zaidi. Wamemchukua yeye. Mimi nimepata ujumbe wa kunitakia mema, ulioandikwa na mashine.

Niraj ameshinda ananifuata nyuma kama paka.
"Ranju, nitawaambia hapana. Wewe sema tu nikatae."
"Mimi niseme?"
"Wewe ndiye mwenye jambo lako. Ukisema nikatae, nakataa sasa hivi."

Ona ujanja huo, na sidhani hata anajua ni ujanja. Nikisema akatae, kila shida ya nyumba hii mpaka tuzeeke itakuwa na jina langu. Nikamwambia nenda. Akanikumbatia, akalia, na mimi nikalia. Nadhani yeye alilia kwa furaha.
"Wao walikuuliza kama umeoa?" nikamuuliza.
Akafikiri. "Hapana. Mbona, wangeniuliza?"

Asar 24
Leo mjomba wake kaleta mbuzi nusu, majirani wamejaa mpaka ngazini. Mama mkwe, yule yule wa chai atagawa nani, amewagawia watu chai kwa mkono wake. "Mwanangu anaenda kuruka," anawaambia. Mtu akamuuliza, si alikuwa mkamwana ndiye anayetaka? Akasema, "Mwanamke akienda watu wanasema. Mwanaume akienda ni riziki." Mimi nipo pale pale, natoa mifupa kwenye supu.

Bia ya pili ilipoisha mjomba akapiga meza. "Hebu tuambie, uliwaambia nini wazungu mpaka wakakukubali?"

Niraj akasimama. "Mjomba, kuna mzee mmoja Mjapani."

Nilikuwa nimeshika upawa. Aliwasimulia yote: kitambaa mdomoni, mpishi kununa, foronya. Kwenye bakuli hakuharakisha. Watu wakashangilia, mjomba akafuta machozi kwa kicheko. Mume wangu hajawahi kumtandikia mgeni hata shuka moja. Na mimi nikamwona tena yule mama wa nywele za kijivu akimtazama kijana wake. Mimi ndiye niliyeingia baadaye. Mimi ndiye niliyeonekana mwizi.

Nilimvuta Niraj jikoni, wageni wakiwa bado wanacheka.
"Kile kisa ni changu."
"Ranju, nilipofika pale kichwa kikawa kitupu. Kikaja chenyewe. Si tumekifanyia mazoezi pamoja?"
"Uliingia kabla yangu!"
"Sikujua watakuuliza hilo hilo."
"Niraj! Umekaa kwenye gunia na miwani ya mama yako unaniuliza hilo hilo!"

Akasema neno ambalo siwezi kulimeza: "Lakini si tumepata? Mmoja wetu akipata, si tumepata wote?" Mjomba akaita supu. Nikapeleka supu.

Saun 1
Mvua.

Saun 5
Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika ila matusi.

Saun 11
Madamu Shreya amemwalika Niraj darasani awatie moyo wanafunzi. Na mimi nilikuwepo, nimelipia mpaka mwisho wa mwezi. Alisimama na suti mpya akawasimulia meno. Wasichana wakaandika. Wakaandika! Baadaye Madamu akanigusa bega. "Una bahati ya mume, Ranjita. Sasa wewe tulia, umfuate kama mke wake miaka ikifika." Nikamwambia nilikuja kwake kujifunza kuruka, si kufuata. Akasema sauti yangu imepanda na kwamba kwenye ndege sauti haipandi.

Saun 16
Mama mkwe kaninunulia bangili za kijani ambazo wenye waume huvaa mwezi huu wa Saun. Kanivisha mwenyewe, kanibana kidole gumba. Sikujua nishukuru au nilie. Nikasema asante.

Saun 27
Niraj anajifunza kufunga tai mbele ya kioo changu. Ananiuliza rangi gani inampendeza. Namwambia. Ninachukia kwamba najua.

Bhadra 6
Ameondoka.

Mlangoni alipewa kila kitu: yai, samaki wa kukaanga, mtindi, shada la maua shingoni, alama kubwa nyekundu ya tika kwenye paji. Mimi ndiye niliyeshika sahani, mama mkwe akimlisha. Uwanja wa ndege hawaruhusu wasindikizaji kuingia, kwa hiyo tulisimama nje kwenye mvua pamoja na wake wengine wa wanaoenda kujenga na kubeba. Niraj alitofautiana na waume wao kwa suti tu. Aligeuka mara moja, akanipungia, akafanya ishara ya simu sikioni. Nilitaka kumpenda na kumpiga kiatu kwa wakati mmoja.

Ndege ikapita juu yetu tukiwa kwenye basi. Sijui kama ilikuwa yake.

Bhadra 9
Ametuma picha ya bwawa la kuogelea. Mama mkwe kauliza, "Hapo ndipo anapofanyia kazi?"

Bhadra 13
Mama mkwe hali vizuri. Leo nimekuta sahani yake imejaa, nikakaa chini naye, jambo ambalo huwa silifanyi.
"Mama, wali umepoa."
"Baba yake Niraj alikwenda Bombay kulinda geti la watu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Alisema mwaka mmoja. Aliporudi, Niraj alimwita mjomba."
Sikuwahi kulisikia hilo. Picha ya marehemu iko ukutani na shada lake, naifuta vumbi kila siku, sikuwahi kulisikia.
"Ndiyo maana sikutaka uende," akaendelea. "Anayebaki ndiye anayekufa njaa hata kama chakula kipo."
"Mbona yeye ulimpa yai?"
Alichezea wali kwa vidole. "Nilitaka aende ameshiba." Halafu akanigeukia kwa ukali wake wa zamani, "Na wewe unaniuliza uliza nini, dengu zinaungua!"
Zilikuwa haziungui.

Bhadra 17
Shirika la pili linakuja. Siku waliyochagua ni siku ya Teej! Wageni wa watu, hawakuuliza mtu. Wanawake wa nchi nzima tutakuwa tumefunga bila tone la maji kwa ajili ya uhai wa waume zetu, na wao watatupanga foleni watupime urefu. Nimemwambia mama mkwe kwamba nitakwenda. Nilijiandaa kwa vita. Aliuliza tu kama nguo yangu imekauka.

Bhadra 20
Karamu ya mkesha. Nimekula wali wa maziwa, samli, mbuzi, mpaka nikashindwa kuinama. Mama mkwe akasema, "Kula. Kesho ni ndefu." Yeye ni mjane, halazimiki, lakini kasema na yeye atafunga.

Bhadra 21
Niliosha sindur yangu tena leo, siku ambayo hakuna mwenye mume anayeiosha. Nimetoka bafuni nimejikaza. Mama mkwe alikuwa mlangoni na sahani: mtindi na yai.
"Nimefunga, Mama. Siwezi kula."
"Najua. Gusa tu."
Nikagusa. Njia nzima vidole vinanuka mtindi.

Mji ulikuwa mwekundu, wanawake na sari zao wanacheza mvuani kuelekea hekalu la Pashupati, na mimi na kikoti changu cheusi katikati yao kama mtu aliyekosea sherehe. Hotelini, nusu ya wasichana midomo imewakauka. Wale wageni waligawa chupa za maji, kila mmoja anazikataa kwa tabasamu, mpaka mzee mmoja wao akauliza maji yao yana nini. Kwenye kipimo cha kunyoosha mkono dada mmoja aliishiwa nguvu, wakamkalisha. Na yeye akakataa maji. Na mimi nilikataa.

Kwenye mazungumzo ya kikundi tuliulizwa kuhusu mgeni tuliyemsaidia. Msichana wa kando yangu, hajafika hata ishirini, akakohoa.
"Kuna mzee mmoja Mjapani," akasema.

Nilimsikiliza mpaka kwenye bakuli. Aliharakisha. Ilipofika zamu yangu nikaeleza namna nilivyompata daktari kwa mgeni wa Kikorea aliyeharisha. Hakuna aliyecheka, lakini mzee wao aliandika kitu, na jina langu likasomwa kwenye watu watatu waliobaki.  Nikasema leo. Leo kweli.

Chumba cha mwisho. Mzee mwenyewe, mpole, sauti ya baba.
"Umeolewa?"
"Ndiyo."
"Mumeo anafanya kazi gani?"
Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Nikamtajia kazi yake na shirika lake.
Akaegemea nyuma. "Aha. Kwa hiyo tukikufundisha kwa gharama zetu, mwakani anakuita, unatuacha, unamfuata."
"Simfuati mtu."
"Wote husema hivyo," akasema, bila ubaya wowote. Ubaya ungenisaidia.

Mara ya kwanza nilikataliwa kwa sababu mume yuko hapa. Leo nimekataliwa kwa sababu mume hayupo. Nimeliandika nione kama litaeleweka kwenye karatasi. Halieleweki.

Nilirudi kwa miguu kutoka Tinkune, mabasi yamejaa wanaotoka hekaluni. Mvua ilikatika, jua likatoka kali. Mama mkwe alinifungulia, akaniangalia usoni, hakuuliza. Simu ikaita. Niraj, kwa simu ya video, nyuma yake ukuta mweupe.

"Ranju wangu! Umenifungia?"
"Tangu jana usiku."
"Ndiyo maana nina nguvu." Akacheka kicheko kile kile. "Sikiliza, nina haraka. Kesho kila mwanafunzi anatakiwa kutoa kisa mbele ya mkufunzi. Cha meno nimeshakitumia, wamekipenda sana. Nipe kingine. Wewe unavyo vingi."

Hakuuliza nilikuwa wapi. Kikoti ninacho mwilini, utosi mtupu, na hakuona.

Niliisimamisha simu kwenye mtungi wa chumvi. Nikachukua glasi, nikaijaza kwenye chujio la maji, nikarudi kusimama mbele ya simu, anione vizuri.
"Unafanya nini?"
"Sina kisa," nikamwambia.

Nikanywa. Sikuharakisha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na matamu, niliyasikia yakishuka mpaka tumboni, na nilimwona mume wangu kwenye kioo kidogo akifungua mdomo na kuufunga.
"Ranju, leo? Leo Teej? Mama! Mama uko wapi, umemwona huyu?"

Mama mkwe akasogea, akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye simu.
"Nimemwona," akasema. "Ana kiu."

Akanichukulia glasi mkononi, akaenda kuijaza tena.